Picha za 3D kwa saratani ya umio: dai CD, si filamu tu

Ndugu wa Chumbageni, umeuliza kama mzee wako, anayetoka hospitali ya Bombo, Tanga, kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, anahitaji "picha za 3D" kabla ya upasuaji wa umio kwa matundu madogo. Jina hilo hubeba vitu viwili.

Cha kwanza ni CT ya kifua, yaani picha za eksirei zinazopigwa kipande kwa kipande. Kompyuta hujenga umbo kutokana na vipande vyembamba, milimita 1 hivi. Vya milimita 5 hutoa picha ya ngazi-ngazi na mishipa midogo inayolisha njia za hewa hupotea. Filamu iliyokwisha kuchapwa haijengi kitu. Omba CD yenye faili za DICOM (muundo wa picha halisi za mashine ambao kompyuta huweza kuujenga upya), vipande vyembamba vikiwemo, mapema kabla havijafutwa kwenye mashine. Dawa ya kung'arisha mishipa hupita kwenye figo, basi kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ipimwe kwanza. Faida kubwa ni kujua kama ateri ya mkono wa kulia inapita nyuma ya umio. Ikiwa hivyo, neva ya sauti ya upande huo nayo haifuati njia yake ya kawaida, na ikijeruhiwa sauti hukauka, mzee hupaliwa hata na maji.

Cha pili ni kamera ya lenzi mbili, daktari akivaa miwani. Husaidia hasa kushona na kuondoa tezi za limfu. Lenzi moja ikipata ukungu, uwezo wa kuona kina unapotea mpaka ipashwe moto na kufutwa. Kwangu, mkono mzoefu kwenye skrini ya kawaida si wa kukataliwa.