Kabla Hujalipia Tangazo la Google: Kwa Wanaoanza Kazi Hii

Wengi wanaoingia kwenye matangazo ya utafutaji ya Google siku hizi wametokea Instagram na Facebook, na wanakuja na mazoea ya kule: umri wa mteja, jinsia yake, anapenda nini. Huku hayo yaweke pembeni kwanza. Mtu akiandika "bei ya tenki la maji lita 2000 Mwanza", ameshakuambia anataka nini, cha ukubwa gani na wapi. Kumchimba zaidi ya hapo mara nyingi hakukuongezei mauzo. Anayenufaika ni Google, kwa kuwa taarifa zinabaki kwake.

Usiguse bajeti ya mtu unayemtangazia kabla hujauelewa mnada, yaani jinsi watangazaji wanavyogombea nafasi. Kila utafutaji una mnada wake, na unaisha kufumba na kufumbua. Anayetaja bei kubwa si lazima ashinde, maana bei yake inapimwa pamoja na ubora wa tangazo: linaendanaje na swali la mtu, na ukurasa anakopelekwa unamsaidia kiasi gani. Kwa hesabu iliyorahisishwa, wewe umeweka shilingi 800 kwa mbofyo na ubora wako ni 8, jumla 6,400. Mwenzako kaweka 1,000 lakini ubora wake ni 5, jumla 5,000. Wewe unakaa juu, na unalipa kiasi cha kumpita tu, kama shilingi 625. Siku hizi wameongeza vigezo vingi juu ya hesabu hiyo, ila msingi ni huohuo. Ndiyo maana ukurasa unaofunguka haraka kwenye simu ya bei nafuu unaokoa pesa kuliko kupandisha dau.

Pesa nyingi hupotelea kwenye maneno. Chukua kampuni ya utalii ya Arusha inayolipia neno "safari" bila kulifunga, yaani bila kuibana Google ishike neno hilo tu. Tangazo litawatokea wanaotafuta kivinjari cha Safari cha simu za Apple, wanaotafuta Safaricom, na vijana wanaotafuta ajira kwenye hoteli za mbugani. Wote wakibofya, mteja wako analipa. Dawa ni kufungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa, kila siku wiki za mwanzo, na kuyazuia yasiyohusika. Hata neno ulilolifunga kwa mabano ya mraba halijafungwa kweli: tangu 2018 Google hujiruhusu kulioanisha na maneno inayoona yana maana ileile.

Na ripoti yenyewe haikuonyeshi kila kitu. Kuanzia Septemba 2020 Google iliacha kuonyesha maneno yaliyotafutwa na watu wachache, kwa hoja ya kulinda faragha. Mibofyo yake unailipia kama kawaida. Faragha hiyo inakuzuia wewe tu, Google yenyewe inaona yote. Sisemi hoja haina ukweli. Mwaka 2006 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilitoa hadharani tafutaji zipatazo milioni 20 za watu kama 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Waandishi wa New York Times walimfikia mama mmoja mzee wa Lilburn, jimbo la Georgia, kwa kusoma tu alichokuwa akiuliza: watengeneza bustani wa mjini kwake, watu wenye jina la ukoo wake, ganzi ya vidole.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu simu moja hutumiwa na watu kadhaa. Binti akitafuta mahali pa kupima VVU, kisha tangazo la kliniki likaendelea kujitokeza kila kaka yake anaposoma habari za mpira, umemweka binti wa watu pabaya. Sera za Google zinakataza kumfuata mtu kwa matangazo kwa sababu ya afya yake, lakini usingoje mtambo ukuzuie. Kliniki itangaze kwa neno lililotafutwa, wakati linatafutwa, iishie hapo. DuckDuckGo, mtambo mwingine wa kutafuta, inaonyesha matangazo kwa mtindo huo huo wa neno bila kutunza historia ya mtu, na inaendesha biashara.

Sasa, kumbuka kila dakika kwamba dalali wa mnada huu ndiye mwenye soko na ndiye mwenye mizani. Mwaka 2023, kwenye kesi ya Washington ambayo serikali ya Marekani iliishtaki Google, Jerry Dischler wa kitengo cha matangazo cha Google alieleza kuwa waliwahi kupandisha bei kwa asilimia 5 hivi, na kwa baadhi ya utafutaji pengine hata 10, na kwamba kwa kawaida watangazaji hawaambiwi. Agosti 2024 jaji wa kesi hiyo, Amit Mehta, aliamua kuwa Google imeshikilia soko la utafutaji kinyume cha sheria. Mwaka 2021 pekee ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari. Kwa hiyo mshauri wa Google akikupigia kukuhimiza "ukubali mapendekezo yote", msikilize kwa adabu, halafu pitia pendekezo mojamoja.

Akaunti ifunguliwe kwa jina la mteja, si lako. Mpangilio wa eneo uubadilishe: ukiuacha ulivyo, fundi bomba wa Mwanza atalipia mibofyo ya watu wasio Mwanza ambao mtambo umewaona tu kama "wanavutiwa" na Mwanza.

Kuna siku bosi atakuletea faili la namba za simu za wateja na kukuambia uzipakie Google ili matangazo yawafuate. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Muulize wateja hao waliridhia wapi namba zao zitumike hivyo. Mara nyingi atakujibu kwamba ni namba za watu waliowahi kulipa kwa M-Pesa, na hapo ndipo unapomrudishia faili lake.