Wasomaji wanauliza: bei ya umeme wa manispaa na salio la sola

SWALI: Shikamoo dada. Niko Marekani, mji tuliohamia umeme wake sio wa kampuni, ni wa manispaa yenyewe. Mwezi uliopita hatukuwepo nyumbani kabisa, tulizima kila kitu mpaka friji, na bado bili imekuja. Hivi ni halali? Na nani anakaa anapanga hizi bei?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni halali, ila isikufanye unyamaze, subiri nikueleze.

Mashirika ya umeme ya umma huko Marekani yako karibu 2,000, kubwa kuliko yote la manispaa ni lile la Los Angeles, na jimbo la Nebraska lote linahudumiwa na mashirika ya umma. Hayana wenye hisa wa kugawiwa faida, kwa hiyo hesabu yao inaanza na gharama. Wanajumlisha umeme wanaonunua, mishahara, nguzo, nyaya, transfoma, madeni ya hati fungani, akiba ya dharura, na mara nyingi fungu linaloenda mfuko wa jiji kwa sababu shirika halilipi kodi kama kampuni. Ikishapatikana ile jumla ya mwaka ndio kazi inaanza, nani alipe ngapi, majumbani ngapi, maduka ngapi, viwanda ngapi, na kiwanda kinachovuta umeme mwingi kwa mpigo kinalipia pia ile saa yake ya juu kabisa maana nyaya na transfoma inabidi zijengwe kwa kuiangalia saa hiyo. Ripoti ya mgawanyo huu inaitwa utafiti wa gharama za huduma. Wanaopiga kura ya mwisho kwa kawaida ni madiwani wa mji, au bodi, na majimbo mengi tume ya jimbo inayodhibiti kampuni binafsi haina sauti kwenye bei za manispaa. Zipo tofauti, mfano Austin, Texas, wateja wanaoishi nje ya mipaka ya jiji wanaweza kukata rufaa tume ya jimbo.

Sasa hiyo bili yako ya nyumba tupu. Hayo ni malipo ya kudumu ya mwezi, ya mita, ya kuandaa bili, ya waya uliofika mlangoni kwako, vitu ambavyo gharama yake ipo hata usipowasha taa moja. Mimi hapo sina tatizo. Tatizo ni pale shirika linapohamishia humo gharama nyingine kisha linawaambia watu bei ya uniti imeshuka. Chukua kalamu: tuseme malipo ya kudumu yanapanda dola 15 na uniti inashuka senti 1.5. Anayetumia uniti 1,000 haoni kitu, kwake ni sawasawa. Bibi anayeishi peke yake, uniti 300, anaokoa dola 4.50 kwenye uniti lakini ameongezewa 15, kwa hiyo kila mwezi anatoa dola 10.50 zaidi ya zamani, wakati jumba la uniti 2,000 linapata nafuu ya dola 15. Shirika limekusanya hela zilezile tu, ila walioumia ni wanaotumia kidogo, na hao ndio mara nyingi hawana nafasi ya kwenda kwenye kikao cha madiwani kuongea. Kikao cha kusikiliza wananchi kwa kawaida kipo kabla bei hazijapitishwa, kwa hiyo nenda, na omba ile ripoti ya gharama za huduma kabla ya kwenda ili ukisimama uongee na namba.

SWALI: Dada habari za kazi. Bei ya uniti kwetu haijabadilishwa muda mrefu lakini kuna mstari kwenye bili wa "marekebisho ya gharama za umeme", huo unapanda na kushuka unavyotaka. Ni wizi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Sio wizi, hapo shirika linakupitishia bei ya gesi ya kuzalishia umeme na ya umeme linaonunua sokoni, bila kusubiri kupanga bei upya. Uzuri wake, soko likishuka na wewe unatakiwa kushuka, na hicho ndio cha kuwafuatilia maana kupanda hawachelewi. Na ukitaka kujua soko linaweza kufanya nini, Februari 2021 baridi kali ilipoipiga Texas bei ya jumla ilifika dola 9,000 kwa megawati-saa, yaani dola 9 kwa uniti moja. San Antonio wana shirika lao la jiji, CPS Energy, na mwaka 2022 baraza lao likapitisha ongezeko la asilimia 3.85 kwenye bei ya msingi na juu yake tozo ya kulipia ile baridi pole pole. Baridi ni ya siku chache lakini deni lake ni la miaka.

SWALI: Mwanangu, mimi mama mtu mzima, wameniwekea watu wa sola karatasi mezani nisaini. Wanasema bili itakuwa sifuri, jirani yangu anasema shirika limepunguza salio. Nimwamini nani?

JIBU: Shikamoo mama. Usisaini kwanza.

Salio ni ile hela unayohesabiwa kwa umeme wa paneli zako, na kila kitu kinategemea shirika lako linahesabuje umeme huo. Tuseme siku moja paneli zako zinatoa uniti 30, kumi unazitumia palepale mchana, 20 zinaenda kwenye gridi, na usiku unachukua 12 toka gridi. Mfumo wa zamani wa uniti kwa uniti unatoa 12 kwenye 20 na unabaki unadai 8, hapo muuzaji wako ana haki ya kusema sifuri. Mfumo mpya ni wa kuuza na kununua: wanakununulia zile 20 kwa senti 5, unapata dola 1, wanakuuzia 12 kwa senti 12, dola 1.44, na wewe ndio unadaiwa senti 44. Paneli zilezile mama, jua lilelile. Na malipo ya kudumu hayajaguswa bado.

Mashirika yanasema mwenye sola bado anatumia nyaya usiku na lazima azilipie. Ni kweli. Lakini umeme wa sola unaotumika nyumba ya pili haukusafiri mbali na haukupotea sana njiani, hiyo nayo ina thamani, na ndiyo maana Austin mwaka 2012 wakaja na bei ya thamani ya sola: unalipia umeme wote nyumba inaotumia, halafu unapewa salio kwa kila uniti paneli zinazotoa, walianza na senti 12.8. Mimi huu naupenda kwa sababu hesabu iko wazi, ila sio bei ya milele, hupitiwa upya. Sacramento, California, wao Machi 2022 walianza kuwapa wateja wapya wa sola senti 7.4 kwa uniti inayoingia gridi.

Kwa hiyo mama, piga simu shirika lenyewe, sio kwa muuzaji, na uwaulize bei ya salio ni ngapi leo na wanaweza kuibadilisha lini, wateja wa zamani huwa wanaachwa kwenye mfumo wao kwa miaka mingapi, na salio lisipotumika mwisho wa mwaka linabaki, linalipwa taslimu au linafutwa. Wakujibu kwa maandishi. Ukipata, mrudishie muuzaji akupigie hesabu upya kwa namba hizo, na kama anasema haina haja, mrudishie karatasi yake.