Usiache Chapati Kabla ya Kutolewa Damu

Wiki hii dada mmoja ameniandikia. Vidonge vya kuongeza damu amemeza mwaka mzima na damu haipandi, tumbo hujaa gesi, vidonda vya mdomoni haviishi. Akashauriwa aache ngano. Akaacha miezi mitatu, akapata nafuu, ndipo akaenda kupima seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano. Akaambiwa hana.

Dada yangu, majibu hayo usiyategemee. Inaniuma, kwa sababu kosa hili linazuilika.

Mwenye seliaki akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, mwili wake hushambulia utumbo wake wenyewe. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazotokana na shambulio hilo. Ukiacha ngano, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na maabara haioni kitu. Ugonjwa uko palepale.

Watu wazima wengi husubiri kuhara na kukonda. Jamani, mgonjwa anaweza kuwa mnene na kupata choo kigumu! Shuku zaidi upungufu wa madini ya chuma usio na sababu, hasa kwa mwanaume au mwanamke aliyekoma hedhi. Shuku pia mifupa inayodhoofika mapema, ganzi miguuni, mimba zinazoharibika mara kwa mara, na malengelenge madogo yanayowasha mno viwikoni, magotini na makalioni. Kama mzazi, mtoto au ndugu yako wa tumbo moja anao, pima hata kama hujisikii vibaya.

Maabara omba tTG-IgA, kipimo cha kingamwili hizo, pamoja na kiwango cha jumla cha IgA, aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho hutegemea. Hicho cha pili ndicho kinachorukwa sana. Baadhi ya watu miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, kwa hiyo kipimo cha kwanza hutoka safi hata utumbo ukiwa umeharibika. Hao wapimwe kingamwili za aina ya IgG.

Kama ulishaacha ngano, zungumza na daktari kuhusu kuirudia: mkate asubuhi, chapati jioni, kila siku kwa wiki 6, ndipo utoe damu. Ukishindwa kuvumilia, kuna kipimo cha vinasaba vya HLA-DQ2 na DQ8. Usipokuwa navyo, seliaki karibu haiwezekani. Ukiwa navyo, bado hakijathibitika kitu, maana watu wengi wazima wa afya wanavyo.

Damu ikionyesha dalili, endelea kula ngano mpaka endoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo kwa mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Daktari achukue vinyama (vipande vidogo vya utumbo vya kupimwa) visivyopungua 4 kutoka sehemu ya pili ya duodeni, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, na 1 au 2 pale duodeni inapoanzia, kwa sababu madhara hukaa mabaka mabaka. Kinyama kimoja kinaweza kuangukia sehemu isiyo na madhara. Vijidole vya utumbo, vinavyofyonza chakula, vikionekana vimelala, majibu yasomwe pamoja na yale ya damu: vijidudu vya giardia, na hata dawa ya presha iitwayo olmesartan, huweza kuvilaza vilevile. Basi siku ya kipimo nenda na orodha ya dawa zako zote.