Kwenye tathmini ya PIP, usijibu "sijambo"

Siku ya tathmini yangu ya kwanza ya PIP, yaani malipo ya serikali kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, hapa England, dada aliyenipokea aliniuliza habari. Nikajibu kama nilivyolelewa: nzuri, ahsante. Nina baridi yabisi. Asubuhi ile binti yangu ndiye aliyenifunga vifungo vya blauzi na kilemba, maana vidole vilikuwa vimevimba havikunjiki. Ripoti ilipokuja, iliandikwa kwamba nimevaa nadhifu na sikuonekana mwenye maumivu. Upande wa shughuli za kila siku nikapata pointi 4, na malipo yanaanzia pointi 8.

Kwetu mgonjwa huulizwa hali akajibu "namshukuru Mungu", na aliyeuliza anajua kusoma uso. Adabu hiyo naipenda mpaka leo. Lakini mtathmini anaandika ulichotamka.

Aliponiuliza kama naweza kupika, nilisema ndiyo. Na kweli napika. Ila ugali sijausonga mwaka wa tatu huu, kwa sababu ukianza kukaza tu, kifundo cha mkono kinagoma na mwiko unanidondoka. Viazi anamenya binti. Mchuzi naukoroga nimekaa kwenye stuli, birika nalishika kwa mikono miwili, na siku mbaya siligusi kabisa kwa kuogopa kuungua. Hayo yote yalikuwa ndiyo jibu, nami nikayameza.

Kanuni za PIP zenyewe zinasema kuweza ni kulifanya jambo kwa usalama, kwa kiwango kinachofaa, kila linapohitajika, na bila kuzidisha mara mbili ya muda anaotumia mtu asiye na tatizo hilo. Kikikosekana kimoja, hesabu kwamba huwezi. Maradhi yanayopanda na kushuka hutazamwa kwa hali ya zaidi ya nusu ya siku, kwa hiyo usimsimulie ile Jumamosi uliyoamka vizuri ukaenda harusini. Mimi niliandika daftari wiki mbili, kila usiku mistari michache: nimeamka saa ngapi, nani kanisaidia, nini kimenishinda. Lilinifaa kuliko barua zote.

Omba mkalimani mapema, hata kama Kiingereza cha kazini unakimudu. Maumivu yanayowanga si sawa na yanayovuta, na mkono uliokufa ganzi ni habari nyingine. Mtu wa kukusindikiza pia anaruhusiwa.

Jambo moja nakusihi ulitazame kabla ya fomu yoyote: viza. Kama imeandikwa kwamba huruhusiwi kupokea fedha za umma, PIP imo humo. Onana kwanza na mshauri wa uhamiaji.

Ukikataliwa, usikunje barua ukalia nayo peke yako. Omba nakala ya ripoti, na ndani ya mwezi mmoja omba uamuzi uangaliwe upya. Wakishikilia msimamo, nenda kwenye baraza la rufaa. Kufungua rufaa hakuna ada. Mimi nilifika huko, mbele ya watu watatu, mmoja wao daktari.

Jaji akanisalimu, akaniuliza naendeleaje asubuhi hiyo. Nikamwambia nimeamka saa kumi na moja alfajiri ili vidole vikunjuke kabla ya basi la saa mbili, kwamba goti la kushoto linawanga tangu ngazini, na kwamba kilemba hiki anachokiona kanifunga mwanangu.