Nest wa Wales: alitekwa au alitoroka na Owain?

SWALI: Habari zenu. Nimeona video inamuongelea Nest, binti wa mfalme huko Wales enzi Wanormani wanaivamia nchi yao, wanadai mwaka 1109 alimkimbia mumewe akaenda na kijana anaitwa Owain, vita vikazuka kwa ajili yake. Rafiki yangu anasema hapana, alitekwa. Ukweli ni upi? Na watoto wake waliishia wapi?

JIBU: Asante sana dada, rafiki yako yuko sahihi.

Watu wanarukia usiku ule wa 1109 tu wakati mambo yalianza zamani. Baba yake Rhys ap Tewdwr, mfalme wa Deheubarth kusini-magharibi mwa Wales, aliuawa na Wanormani karibu na Brecon mwaka 1093, Nest akiwa bado mdogo, na baada ya hapo wakaanza kujenga ngome zao kila kona. Binti akaangukia mikononi mwa haohao waliomuua babake. Akazaa mtoto wa kiume na Henry wa Kwanza, mfalme wa Kinormani wa Uingereza, akaozwa kwa Gerald wa Windsor aliyekuwa mkuu wa ngome ya Pembroke. Sasa mtu anaongea mapenzi, mapenzi yapi? Nani alimuuliza yeye anataka nini?

Huyo Owain ap Cadwgan alikuwa mtoto wa Cadwgan, mtawala wa Powys, ufalme mwingine wa Wawelshi, tena ni ndugu yake Nest kabisa, babu zao walikuwa ndugu. Kumbukumbu za Wawelshi wenyewe zinasema alikuja kwanza kumtembelea kama ndugu, halafu akarudi usiku na wenzake kama 14 hivi wakachimba chini ya geti wakaingia wakachoma nyumba moto. Nest ndiye aliyemwambia mumewe asitoke mlangoni maana wanamsubiri, akampeleka chooni, mume akatorokea kwenye tundu la choo, halafu Nest akawageukia wale watu akawaambia mnayemtafuta hayupo. Yaani mke anayetaka kukimbia na mwanaume mwingine ndo anamuokoa mumewe hivyo?? Wakamchukua yeye na watoto.

Wanaosema alipenda wanashikilia neno moja, kwamba alimwambia Owain ukitaka niwe mwaminifu kwako rudisha watoto kwa baba yao. Mimi hapo namuona mama ambaye amebakiwa na kitu kimoja tu cha kutoa na akakitoa ili wanawe wawe salama, na kweli Owain aliwarudisha.

Na hilo la kwamba vita vilizuka kwa ajili yake, jamani huyu mwanamke anaonewa. Wanormani na Wawelshi walikuwa wanapigana tangu yeye hajazaliwa. Owain alikimbilia Ayalandi, babake Cadwgan akanyang'anywa eneo lake la Ceredigion, magharibi mwa Wales, kwa kosa la mwanae, ndugu zao wakaahidiwa ardhi wakimkamata Owain, basi wakageukiana wenyewe kwa wenyewe na mfalme akafaidi. Baadaye Owain akapatana na mfalme, na 1116 akatumwa kwenda kupigana na Gruffydd ap Rhys, ambaye ni kaka wa Nest huyohuyo, njiani akakutana na Gerald na kikosi cha Waflemi (walowezi kutoka Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo) wakamuua. Fikiria kuwa Nest siku hiyo, mume upande mmoja, kaka upande mwingine, na aliyekuteka amekufa katikati.

Gerald alipofariki alizaa tena na Stephen, mkuu wa ngome ya Cardigan. Ukoo wake ukawa mkubwa: mwanawe David akawa askofu wa St Davids huko Wales mwaka 1148, binti yake Angharad akamzaa Gerald wa Wales, yule mwandishi maarufu, na yule mtoto aliyezaa na mfalme Henry aliuawa vitani kisiwani Anglesey. Robert, aliyezaa na Stephen, na Maurice, aliyezaa na mumewe Gerald, ndio walikuwa kati ya wa kwanza kuvuka na jeshi kwenda Ayalandi mwaka 1169, na akina FitzGerald waliokuja kutawala sehemu kubwa ya nchi ile ni uzao wake.