Maswali na majibu: mchumba wa mtandaoni, ankara na pesa inayosafiri

Barua zilizotufikia safari hii kuhusu utapeli wa mtandaoni, kutoka Katuba, Kamalondo, Ruashi na Kampemba hapa Lubumbashi, zinauliza sana kuhusu sura na usemi wa mtu aliye upande wa pili, ilhali chache tu zinaeleza pesa inatakiwa kwenda kwa njia gani na kwa jina la nani. Tutajibu tukitazama zaidi hilo la pili.

Daktari wa jeshi la Marekani niliyefahamiana naye Facebook amenitumia zawadi. Wakala wa forodha wa mpakani Kasumbalesa anadai dola 350 kwa Airtel Money ndipo aiachilie. Nilipe? (Mama wa Katuba)

Mama, usilipe, kwa kuwa hakuna kifurushi. Ushuru wa DGDA, idara ya forodha ya nchi yetu, una hati za tamko na risiti, hautumwi kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi. Mwombe huyo wakala nambari ya tamko pamoja na jina lililosajiliwa kwenye Airtel Money yake, uone atakavyokuwa mkali. Ukituma hizo dola, kesho itazuka faini, keshokutwa cheti cha kuthibitisha kwamba mali si haramu, na kila malipo yatakufanya uogope kupoteza yaliyotangulia. Hapo ndipo watu wenye akili timamu huuza kiwanja. Huyo daktari naye akianza kuomba pesa ili apewe likizo, ujue pia kwamba jeshi la Marekani halimtozi askari wala mchumba wake kwa ajili ya ruhusa.

Ipitishe picha yake kwenye Google Lens au TinEye, huduma zinazoonyesha picha hiyo imetokea wapi kwingine mtandaoni, kwa maana mara nyingi sura hiyo ni ya mtu halisi aliyeibiwa picha na asiyejua habari zako. Mazungumzo ya video nayo hayatoshi siku hizi, kwani zipo programu zinazomvika mtu uso wa mwingine. Wala usione haya: huyo mtu alikuwa akikusikiliza kila jioni, na si wengi mjini wanaofanya hivyo.

Muuzaji wetu wa Guangzhou ameandika kwamba akaunti yake inakaguliwa, kwa hiyo tulipe kwenye akaunti nyingine. Barua pepe hiyo imeendelea katika mazungumzo yetu ya zamani, na ankara ina muhuri wake. Kuna ubaya? (Mfanyabiashara wa Kamalondo)

Upo, na kwa mji huu unaoishi kwa bidhaa zinazotoka mbali, nauona kuwa mkubwa kuliko ule wa wachumba. Wezi huingia katika sanduku la barua pepe la upande mmoja, hukaa kimya wakisoma bei na tarehe, kisha hujitokeza siku ile ankara inaposubiriwa, wakiwa na muhuri uleule na salamu zilezile. Soma anwani ya mtumaji herufi kwa herufi, wala usiridhike na jina linaloonekana juu yake: "karnpuni" na "kampuni" hufanana kabisa kwenye kioo cha simu, kwa sababu r na n zikikaribiana huonekana kama m. Hata hivyo, anwani inaweza kuwa sahihi kabisa ikiwa sanduku lenyewe ndilo lililovamiwa. Ndiyo maana mimi naiamini simu kuliko barua. Mpigie muuzaji kwa nambari mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ankara mpya, na umsikie mwenyewe akiitaja akaunti.

Ikiwa mmekwisha kulipa, nendeni benki saa hiyohiyo mkaombe ipeleke ombi la kurudishiwa pesa kwa benki iliyopokea, kabla haijahamishwa tena. Baadaye badilisheni nywila, washeni uthibitisho wa hatua mbili, na mkague kama kuna agizo la siri linalopeleka nakala za barua zenu kwingine.

Nimepata kazi Umoja wa Mataifa, ila wanataka dola 80 za uchunguzi wa afya kwanza. (Kijana wa Ruashi)

Hujapata kazi. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri.

Mjane wa Mobutu ameniandikia kuhusu mamilioni yaliyofichwa. Mbona barua imejaa uongo wa wazi hivyo? (Msomaji wa Kampemba)

Mobutu alifariki Rabat tarehe 7 Septemba 1997, na tangu hapo familia yake imeazimwa jina na matapeli wengi. Mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alieleza mwaka 2012 kwamba uongo wa wazi una faida kwao: wenye mashaka hujiondoa mapema, wakabaki wachache walio rahisi kushawishika. Lakini usitegemee makosa ya lugha kama dalili, kwa kuwa leo mashine huwaandikia barua safi.

Msichana wa mtandaoni ana picha zangu za utupu. Anataka dola 200 kwa M-Pesa, la sivyo atazituma kwa familia. (Sina jina)

Mwanangu, usilipe, maana anayelipa mara moja huombwa tena. Kabla ya kumzuia, hifadhi picha za mazungumzo, nambari yake ya M-Pesa na anwani ya akaunti yake. Kisha ficha orodha ya marafiki zako na umwambie mtu mzima mmoja wa nyumbani, ili habari imfikie kutoka kwako. Ikiwa umetimiza miaka 18, tovuti ya StopNCII.org hutengeneza alama ya kuitambulisha picha ndani ya simu yako bila picha yenyewe kutoka, na mitandao inayoshirikiana nayo huitumia kuzuia isisambae. Aliye chini ya umri huo atumie huduma ya Take It Down. Peleka ushahidi polisi au kwa mwendesha mashtaka: tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Kanuni ya Dijitali inayoadhibu makosa ya mtandaoni. Na akitokea mtaalamu anayeahidi kuzifuta picha hizo kwa dola 50, huyo naye mzuie.