Maswali na majibu: Klipu ya kisu si kufuli

SWALI: Fundi, hujambo? Mimi ni fundi wa umeme, naishi Kayole, na kutwa niko juu ya ngazi. Nina kisu cha kukunja chenye klipu ya kukishikiza mfukoni. Klipu imelegea, na tayari imenilia suruali mbili kwenye mdomo wa mfuko. Fundi mmoja wa mtaani aliipasha moto kwenye jiko la gesi akaikunja. Ikakaza siku tatu, kisha ikalegea kuliko mwanzo. Sasa huyo huyo anataka kuichomelea. Mwenzangu kazini ananicheka, anasema klipu ni urembo wa Wazungu, niing'oe nitumbukize kisu mfukoni kama babu zetu. Naogopa kuing'oa, kwa sababu klipu ikikaza ndiyo inayozuia kisu kisifunguke mfukoni, ama?

JIBU: Hilo "ama" lako la mwisho ndilo limenifanya niweke tupa chini nikujibu leo. Ya suruali nitayafikia. Kwanza nikutoe kwenye hiyo imani, maana hapa mezani pangu Kariobangi Light Industries haipiti wiki bila mtu kuja nayo, na wengine huja kidole kimefungwa bendeji.

Klipu haizuii kisu kufunguka, ndugu yangu. Hata ikaze vipi. Kitoe kisu chako ukitazame: klipu imefungwa kwa skrubu kwenye mpini, na inachobana ni kitambaa cha suruali. Bapa, yaani sehemu inayokata, hailigusi popote. Kinacholishika bapa ndani ya mpini ni kitu kingine kabisa. Kwenye visu vingi vinavyouzwa mjini siku hizi, bati la ndani ya mpini limekatwa ulimi, na ulimi huo ndio unaoruka nyuma ya bapa na kulifunga likishafunguka. Kwenye ulimi huo huo kuna gololi ndogo kama punje ya wimbi. Ukikifunga kisu, gololi inatumbukia kwenye kishimo kilichotobolewa kwenye bapa. Ile "tak" unayoisikia kisu kikijifunga ndiyo hiyo. Mlinzi wako ni punje ya wimbi, basi. Kwenye visu vya zamani vyenye springi mgongoni, springi ndiyo inayolivuta bapa libaki ndani. Klipu haimo katika hadithi hiyo hata kidogo.

Kazi ya klipu ni kukisimamisha kisu wima, mahali pamoja, kikielekea upande mmoja, ili mkono wako ukikifuata ukiwa juu ya ngazi ukikute palepale bila kupapasa, na ukikitoa kikae kiganjani tayari. Ni kazi ndogo, lakini kwa mtu wa ngazi si ndogo.

Na hapo ndipo klipu inapoweza kukusaidia au kukuumiza, kutegemea umeivaa wapi. Kisu kilichofungwa kina ncha mbili za mpini. Moja ina skrubu kubwa ambayo bapa linaizunguka, nyingine ndiyo mkia, na ncha ya bapa inalala mkiani. Klipu ikifungwa mkiani, skrubu kubwa inazama chini mfukoni na ncha ya bapa inatazama juu, pale pale vidole vyako vinapopita. Klipu ikifungwa upande wa skrubu kubwa, ncha inatazama chini, kwenye paja. Watu wanabishana ipi bora mpaka chai inapoa. Mimi sibishani. Ninachouliza ni hiki: mgongo wa bapa umeegemea nini?

Kama unakivaa mfuko wa kulia, ncha juu, na klipu iko upande wa kulia wa mpini kama inavyotoka kiwandani, mwanya ambao bapa linatokea unatazama nyuma. Basi kisukume kisu mpaka kiguse mshono wa nyuma wa mfuko, ule wa ubavuni. Mgongo wa bapa ukiegemea mshono, bapa halina pa kwenda. Ukikiacha katikati ya mfuko, au ukikihamishia mfuko wa kushoto bila kuhamisha klipu, umeliachia bapa nafasi yote ya kutoka. Wanaotumia mkono wa kushoto watafute kisu chenye matundu ya klipu pande zote mbili na waihamishe. Ni kazi ya dakika tano.

Mwenzako anayekucheka ana nusu ya ukweli. Visu bora vya mfukoni vimeishi miaka mingi bila klipu. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890, haina, ila tangu 1955 ina pete ya chuma shingoni unayoizungusha kulifunga bapa. Visu vyekundu vya Victorinox vingi havina, lakini springi zao za mgongoni ni kali kiasi kwamba unatumia kucha kulitoa bapa. Visu hivyo viliundwa vilale mfukoni. Chako kimeundwa kifunguke kwa kidole gumba cha mkono mmoja. Kikilala chini ya mfuko pamoja na funguo na sarafu, siku moja sarafu itaingia kwenye mwanya na kuliinua bapa. Na huo urembo wa Wazungu haukuanza kama urembo. Kisu cha kukunja chenye klipu kilicholeta mtindo huu kilitoka mwaka 1981 kwa kampuni ya Spyderco, ya Golden, Colorado, na jina la kisu chenyewe lilikuwa Worker, yaani mfanyakazi. Mwambie hivyo kesho mkinywa chai.

Suruali sasa. Hukuniambia mpini wako ni wa nini, lakini naona mbali: ni ule mweusi unaokwaruza kama msasa, unaoitwa G10. Hizo ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa epoksi, na huachwa zikikwaruza makusudi ili kisu kisiteleze mkononi. Kila unapokitoa na kukirudisha, klipu inaubana mdomo wa mfuko juu ya huo mkwaruzo. Kinacholiwa ni kitambaa, na anayekula ni mpini. Klipu ni mshikaji tu. Halafu wewe unaikaza zaidi! Ni kama kukanyaga tupa kwa nguvu ukishangaa kwa nini inakata.

Dawa yake ni shilingi chache. Fungua klipu, chukua msasa laini, namba 400 hivi, uloweshe maji, usugue pale tu klipu inapolalia, eneo la ukucha wa kidole gumba, mpaka ukipitisha kidole paterereke. Sehemu nyingine ya mpini iache. Usisugue pakavu, na ufunike pua: vumbi lake ni kioo, halifai kuingia kifuani. Kisha rudisha klipu. Utashangaa kwamba haihitaji kubana sana. Klipu nzuri ncha yake inaugusa mpini kidogo tu, na mdomo wa jinzi, ambao ni kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, unaingia kwa kusukumwa na kidole kimoja. Ukihitaji mikono miwili kukitoa kisu, imekaza mno, na juu ya ngazi huna mkono wa pili wa kugawa.

Skrubu zake nazo zilegee? Nyingi ni za bisibisi ya nyota namba T6. Tafadhali, namba T6, si bisibisi bapa ya kupimia stima iliyochongwa ncha. Kichwa cha skrubu ya milimita mbili kikishaharibika, utaniletea mimi nikitoboe. Tone moja la gundi ya kufungia skrubu, ya buluu, linatosha. Nyekundu ni ya vitu usivyotarajia kuvifungua. Supaglu iache ya viatu.

Klipu iliyolegea yenyewe inaweza kurudishwa, ikiwa baridi. Inatolewa kwenye kisu, inabanwa kwenye jiriwa yenye mdomo laini, inasukumwa kidogo kupita pale inapotaka kurudi, inajaribiwa. Mara moja, labda mbili. Ukiikunja mbele na nyuma kama waya, itakatika kama waya. Lakini hiyo yako haifiki huko tena, kwa sababu imeshaonja moto.

Hapo sasa niseme. Klipu ni springi. Nguvu yake ya kurudi inatokana na jinsi chuma chake kilivyotengenezwa kiwandani, na moto unaifuta kazi hiyo. Ikishakuwa nyekundu kwenye jiko la gesi, imekuwa bati laini. Ndiyo maana ilikaza siku tatu: ilikaa alivyoikunja, kama bati lolote linavyokaa, na ulipoifungua kwa kitambaa mara kadhaa ikakaa ulivyoifungua wewe. Hakukudanganya kwa siku hizo tatu. Alikudanganya kwa siku ya nne. Nunua klipu nyingine, ukipima nafasi kati ya tundu na tundu la skrubu kabla hujatoka nyumbani.

Na mimi sidharau mafundi wa jua kali. Nilijifunzia Kamukunji, nikigonga masufuria, na kuna wazee pale wanaosoma rangi ya chuma motoni kuliko kitabu chochote. Wanajua rangi ya majani makavu ni ya nini na buluu ni ya nini, na wanajua lini moto si jibu. Ninaowasema ni hawa wenye jiko la gesi, koleo na maneno mengi.

Kwa sababu tazama anachotaka kufanya sasa. Klipu haichomelewi kwenye G10. Itabidi auvue mpini na aichomelee kwenye bati la ndani. Na bati la ndani ni lipi? Ni lile lile lililokatwa ulimi. Ulimi nao ni springi. Moto wake ukitembea mpaka pale, ameua vitu viwili kwa mpigo: gololi haitakaa kwenye kishimo chake, na ulimi hautasimama imara nyuma ya bapa. Utakuwa unakata waya, umekandamiza, na kisu kinajikunjia vidole vyako. Utakuwa na klipu imara kabisa.

Lakini ugonjwa unaoniletea bendeji nyingi kuliko moto ni mwingine, na nina wasiwasi unaweza kuwa nao bila kujua. Vijana wanataka kisu kifyatuke kwa kutikisa mkono, kama kwenye sinema. Wanakwenda kwa fundi, fundi analegeza skrubu kubwa nusu mzunguko, au anaupinda ulimi kwa nje, mbali na bapa, ili gololi isishike sana, anapokea pesa yake. Kisu kinafyatuka, wanachekelea. Hakuna anayewaambia kwamba kinachofyatuka kwa kutikiswa mkono kitafyatuka pia kwa kutikiswa na barabara. Kijana mmoja wa boda boda alikuja kwangu na kisu cha namna hiyo, ncha juu, klipu ngumu kama taya la mbwa, katikati ya mfuko. Alipokaa kwenye pikipiki paja likakunja mfuko, bapa likachungulia. Abiria akataka chenji. Alichokigusa kwanza kilikuwa ncha. Alivyonieleza, alikuwa amekwenda kuikazisha klipu wiki ile ile kwa ajili ya usalama. Alinionyesha hata jinsi ilivyokaza.

Yaani imani yako hiyo ndiyo inayowafanya watu waache kukagua kitu cha kweli. Mtu anaivuta klipu, inakataa, anasema niko salama. Hajawahi kulitikisa bapa.

Neno moja kuhusu askari wa mlangoni, kwa sababu wengi huniuliza. Klipu inachungulia nje ya mfuko, kwa hiyo inakutangaza hata kabla kifaa cha askari cha kutafuta chuma hakijalia. Sheria ya Kenya inakataza kubeba silaha ya kudhuru mahali pa umma bila sababu ya halali. Ukiwa na ovaroli na begi la vyombo, sababu yako inaonekana. Jumamosi jioni ukiwa na shati la kupiga pasi, ni maneno yako tu. Kiache nyumbani.

Leo usiku fanya hivi. Kifunge kisu, kishike mpini kwa nguvu huku mwanya wa bapa ukitazama sakafu, vidole mbali na mwanya, ukitikise kwa nguvu kwenda chini kama tulivyokuwa tukitikisa thamometa za zebaki. Mara tano. Bapa likibaki ndani, sugua mpini, weka klipu mpya, endelea na kazi. Likitoka hata upana wa kucha, kaza skrubu kubwa kidogo kidogo mpaka bapa lisicheze kushoto wala kulia, kisha rudia. Likitoka tena, gololi au ulimi umeshachezewa, na hapo usiniulize tena habari ya klipu. Kifunge kwenye kitambaa, ukiweke kwenye begi, ukilete. Na kesho ngazini panda na kisu kingine, hata cha kupikia kilichofungwa gazeti.